Kula Kamba Ili Nisimwage Maji

Kamba wa maji baridi akikubana kidole, usimvute. Ukimvuta anadhani mnagombania kitu, naye huongeza nguvu. Mrudishe majini, tulia, ataachia mwenyewe. Elimu hii nimeipata uzeeni, nikiwa nimesimama ndani ya bwawa langu, maji yakinifika kiunoni, suruali nimeikunja hadi magotini kana kwamba ingesaidia, huku nikipiga kelele ambazo mlamu wangu alizisikia akiwa ng'ambo ya pili ya bonde.

Mlamu ndivyo tunavyomwita shemeji huku kwetu. Yeye ni mdogo wake mke wangu, Mmakua wa Masasi. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kwa hiyo ni shemeji yangu na ni mtani wangu pia, na katika haki hizo mbili hakuna anayoiacha ilale. Alikuja taratibu, akasimama juu ya tuta la bwawa, akamtazama mnyama aliyening'inia kidoleni mwangu. Gando moja lilikuwa limening'ang'ania mimi. La pili alikuwa ameliinua juu, anaitishia dunia nzima.

“Shikamoo, mlamu,” alisema.

“Marahaba! Njoo unisaidie!”

“Nikusaidie nini? Ndugu wawili mnasalimiana, mimi niingilie kati?” Alichuchumaa ili aone vizuri zaidi. “Hebu mtazame. Hajaulizwa hata jina, tayari kashainua mikono. Huyu si kamba, mlamu. Huyu ni Mmakonde mwenzako.”

Tangu siku hiyo bonde zima liliwaita wale kamba Wanewala. Ungesikia mama mmoja akimpigia mwenzake kelele kutoka jaruba moja la mpunga hadi jingine: “Wanewala wametoboa tena huku!” Na ni mimi niliyewaleta, kwa ndoo, kwa hiari yangu, na kwa majivuno yasiyo kifani.

Ni vizuri nieleze jinsi mtu wa Newala anavyojikuta na bwawa. Huko juu nilikozaliwa, upande wa Mnyambe, ardhi ni mchanga mwekundu. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, na asubuhi hujui kama ilinyesha au uliota. Tulipokuwa watoto, mama alikuwa akishuka mteremko mzima kwenda kuteka maji bondeni, kisha anapanda nayo kichwani, na maji hayo yalipofika nyumbani yalikuwa na maisha marefu. Yalinawisha uso. Yakitoka usoni yalioshea vyombo. Yakitoka kwenye vyombo yalioshea miguu, na mwisho wake mpapai ulinyweshwa, kidogo kidogo, kwa kata, kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Watu wa pwani husema maji yakimwagika hayazoleki. Mama yangu aliyazoa. Siku mtungi ulipopasuka mlangoni, alipiga magoti akayachota pamoja na tope lake, akayaacha yatuame, tukayapikia mbaazi. Nilichapwa kwa makosa mengi utotoni na nimeyasahau. Fimbo za kumwaga maji nazikumbuka zote.

Nilisoma hadi sekondari, nikafanya kazi ya ukarani kwenye maghala ya korosho huko Tandahimba, na nilipozeeka nikahamia nyumbani kwa mke wangu, bondeni, si mbali na Lulindi. Kwetu sote, Wamakonde na Wamakua, ukoo na ardhi hufuata mama. Bonde lile lilikuwa la mama yake, sasa ni lake. Mimi ni mkwe niliyepewa mahali pa kukaa, na mkwe mwenye akili hukaa kimya.

Mimi nilikuwa na mipango. Kwanza nilifuga nyuki, wakaua mbuzi. Kisha nilipanda mikorosho karibu karibu ili ienee mingi, ikabanana, ikazaa majani. Mke wangu aliyatazama hayo yote kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuona hasara kabla haijafika. Kisha nikaiona chemchemi.

Ilikuwa juu ya bonde, juu kidogo ya majaruba ya mpunga ya mke wangu. Maji yalitoka ardhini usiku na mchana bila kutekwa na mtu, yakapita kwenye nyasi, yakaenda zake. Mtu wa Masasi akipita pale anainua kanga asilowe, basi. Mimi nilikosa usingizi. Maji yanakwenda! Hakuna anayeyazuia! Nikashika jembe, nikachimba, nikajenga tuta, na nilipomaliza nilikuwa na bwawa ambalo mama yangu angelitazama angedhani amekufa na kwenda peponi.

Afisa uvuvi wa kata alikuja kulikagua, kijana mpole. Alinishauri nilaze bomba la kutolea maji chini ya tuta.

“Mzee, bwawa lisilo na pa kutokea maji litakutesa,” alisema.

Nikanunua bomba. Nikalitazama. Bomba la kutoa maji! Kwetu bomba ni kitu cha kuleta maji. Nilitafakari, nikaona huyu kijana amesoma lakini hajapata kuona kiu. Nikalipasua bomba katikati kwa msumeno, nikalifunga ukingoni mwa paa la nyumba, likakinga mvua na kuimwaga kwenye pipa. Nilifurahi wiki nzima kwa jinsi nilivyomzidi akili.

Perege niliowapandikiza waliendelea vizuri. Ningekomea hapo, leo ningekuwa mzee mwenye heshima. Lakini kuna rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye hufuga samaki upande wa Tunduru. Alinitembelea, akaliona bwawa, akalisifu, na aliporudi mara ya pili alikuja na ndoo yenye kifuniko. Ndani yake walikuwamo kamba, rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, madume yakiwa na doa jekundu kwenye gando. Alisema amewapata kwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma. Alisema wanakula uchafu tu wa chini ya maji. Alisema hawatoki bwawani. Alisema kwenye hoteli kubwa watu huwala kwa uma. Katika maneno hayo, la hoteli huenda lilikuwa kweli.

Niliwamwaga ndani kwa mkono wangu mwenyewe. Ndoo nayo nikaisuuza humohumo, nisipoteze maji.

Vifaranga vya perege vilianza kutoonekana. Nilimshuku ndege mvuvi, nikamtengenezea sanamu la kumtisha, nikalivisha koti langu la ukarani. Kisha kwenye tuta kukatokea matundu, yale ambayo mtu anaweza kuingiza mkono, ila hapaswi. Kisha, mpunga ulipokuwa umesimama vizuri kwenye majaruba chini ya bwawa, mke wangu akaanza kukuta maji yametoweka. Jioni anaacha jaruba limejaa, asubuhi anakuta tope, na mpunga unageuka rangi. Alizungukia vijituta vyake, zile kingo ndogo za udongo zinazozuia maji, akavikuta vimetobolewa kama chujio.

Alikuja nyumbani amelibeba jembe mbele yake kama sinia. Juu ya bapa la jembe alikuwapo kamba, amekaa, magando juu.

Mke wangu huniita Baba, kisha jina la kifungua mimba wetu, na kwa kawaida hulifupisha. Siku hiyo alilitamka lote.

“Huyu ni wako?”

“Inawezekana,” nilisema.

“Inawezekana vipi? Kuna mwingine hapa mwenye ndugu kama huyu?”

Mwaka ule tulivuna mpunga ambao ungemtosha kuku mwenye adabu. Mke wangu hakugombeza. Alisema jambo moja, akalirudia kila ilipobidi: kiangazi hiki bwawa limwagwe. Limwagwe lote, tope likauke mpaka lipasuke, tuchimbe matundu, tuwatoe, vijituta vijengwe upya, na yote hayo yaishe kabla mvua hazijaanza. Mvua zikitukuta na kamba wako bado majini, hakuna haja ya kusia mbegu, kwa sababu hatalimia matundu. Na kulikuwa na mto chini huko. Wakifika mtoni hakuna wa kuwarudisha.

Nilimwambia sawa. Kisha nikasema lakini.

Lakini yangu ilikuwa hii: kwa nini tumwage maji ya Mungu, ilhali wenye makosa ni kamba? Tuwavue. Tuwale. Nitawala mpaka waishe, maji yabaki. Niliisema kwa kujiamini sana. Mke wangu alinitazama kuanzia kichwani hadi tumboni, nadhani alikuwa anapima nafasi.

Nikasuka migono. Mgono ni mtego wa mianzi, umekaa kama chupa kubwa, na mdomoni mwake una vijiti vilivyoelekea ndani, kwa hiyo anayeingia haoni pa kutokea. Kwa kuwa mimi ni mtu wa juu, mgono wangu wa kwanza ulikuwa na vijiti vilivyoelekea nje. Niliutega, na asubuhi nikakuta chambo chote kimeliwa na ndani hamna mtu. Mlamu aliuzungushazunguka mikononi.

“Huu si mtego,” alisema. “Hii ni hoteli. Mgeni anakula, anatoka, hata kulipa hadaiwi.”

Alinifundisha kusuka, akinicheka kila kijiti. Wa pili ulikamata. Chambo nilitumia donge la ugali wa muhogo, vichwa vya dagaa, matumbo ya kuku. Msimu wa korosho ulipoingia nikagundua kuwa hakuna wanachokipenda kama mabibo yaliyoanza kuchacha. Niliyaokota chini ya mikorosho yangu iliyobanana, angalau ikapata kazi, nikayapondaponda ndani ya migono, na bwawa likanuka kama mahali panapouzwa uraka, ile pombe ya mabibo.

“Umewafungulia kilabu,” mlamu aliniambia. “Sasa watakuja hata wale ambao hawakuwa na safari.”

Kuhusu kuwapika, mke wangu alinipa sufuria lililokatika mpini na akanionyesha mafiga nje ya uzio. Jikoni kwake hawakuingia. “Sili kitu ambacho macho yake yako nje ya kichwa,” alisema, na mjadala ukaisha. Kwa hiyo nilijipikia. Siku ya kwanza niliwachemsha kwa chumvi tu, wakageuka wekundu ghafla, nikashtuka nikadhani nimewaudhi. Nyama iko mkiani, na kidogo kwenye magando ukiwa na meno au nyundo. Ni tamu, inakaribia kamba wa baharini, ila kwa mbali unalionja tope. Nikajifunza kuwaweka kwanza kwenye ndoo ya maji safi wateme uchafu. Maji yale machafu baadaye niliyarudisha bwawani, bila shaka.

Kisha nikawapika kwa nyanya na pilipili. Kisha kwa korosho mbichi zilizotwangwa, mchuzi ukawa mzito, nikala kwa ugali mpaka nikaona aibu, na nilikuwa peke yangu. Nilikula asubuhi, nikala mchana. Vidole vyangu vilijaa vidonda vya magamba, mashati yakanuka bwawa, tumbo likaanza kuniletea malalamiko ambayo si ya kuandikwa. Mlamu alikuja kula mara kwa mara, akisema anaonja tu ili baadaye atoe ushahidi. Majirani niliwapelekea kwa ndoo. Wengine walikula wakaomba tena, wengine walirudisha ndoo ikiwa imeoshwa vizuri, pamoja na ukimya.

Na migono ilijaa kila siku. Hilo ndilo lililonitia kiburi. Nilikuwa natembea kwenye tuta kama bwana shamba. Nilimwambia mke wangu tunakaribia kushinda. Yeye alikuwa anatazama mawingu, kwa sababu joto lilikuwa limeshaanza kuzidi na upande wa kusini kulikuwa kunajikusanya mambo.

Asubuhi moja alipita bwawani akiwa na jembe lake begani, anakwenda kuangalia majaruba. Alinikuta nimekaa kwenye tuta na mgono mapajani. Nilikuwa nachambua. Wakubwa niliwatia ndooni. Wadogo, na majike yaliyokuwa yamebeba mayai chini ya mkia, niliwashika kwa uangalifu, nikainamia maji na kuwaachia polepole, wasishtuke.

Alisimama nyuma yangu kwa muda kabla sijamwona.

“Unafanya nini?”

“Nachambua.”

“Hao unawarudisha?”

“Hawa bado wadogo, Mama.”

“Wadogo wa nini?”

“Wakikua tutawala,” nilisema.

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka nilipoyasikia. Mkononi nilikuwa bado na jike moja, mayai yamemjaa kama zabibu nyeusi. Mke wangu hakupandisha sauti.

“Unawavua, au unawafuga?”

Akaendelea na njia yake. Mimi nilibaki pale, na kwa mara ya kwanza nikajifanyia hesabu kama karani. Kila siku niliwaondoa wakubwa, ambao ndio huwala wadogo. Niliwahurumia mama zao. Niliwapa ugali, dagaa na mabibo. Hata afisa uvuvi asingeweza kuwatunza vile. Msimu mzima nilikuwa najinenepesha nikidhani napigana vita, kumbe nilikuwa mchungaji. Na sikuwa mjinga kiasi hicho. Mkono wangu ulijua. Mkono ulikuwa hautaki wamalizike, kwa sababu wasipokwisha ningekuwa na sababu ya kuendelea kuwavua, na wakati bado navua nani angeniambia nimwage?

Alasiri yake mlamu alikuja nyumbani. Hakuja kwa kupitia bwawani kama kawaida yake, alipita mlango wa mbele. Akaniamkia, akakaa kwenye kiti, kofia mkononi.

“Vipi, Mmakua, leo hujaiba kitu?” nilimchokoza.

“Sijaiba, shemeji,” alisema.

Aliniita shemeji, si mlamu. Mtu ambaye hajapata mtani hawezi kujua. Mtani hukutukana msibani kwa mama yako, na unashukuru. Akiacha kukutania, jambo limeharibika. Nilimtupia utani mwingine, akauacha uanguke chini.

“Nimetoka kwenye majaruba ya dada,” alisema. “Vijituta havipo, shemeji. Ukikanyaga, mguu unazama. Mvua ikipiga mara moja, majaruba yote yanashuka na udongo wake. Na mvua haiko mbali.”

“Nimeona.”

“Basi nilikuwa nafikiri.” Alizungusha kofia. “Nitalifungua mimi, kesho. Wewe nenda mjini, kanyoe nywele. Ukirudi utakuta maji yamekwenda. Mimi ni mtani wako. Mtani akikuharibia kitu hakuna kesi, hakuna kikao. Utanuna, utanitukana, yataisha.”

Naandika hili bila kujipamba: nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa kesho shule imefungwa. Bwawa lingemwagwa na mkono wangu ungekuwa safi. Ningelalamika mpaka kufa kwamba Wamakua ni watu wabaya, na wangecheka, nami ningecheka.

“Ukithubutu nitakulaani,” nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayesema asante.

“Hapana,” alisema mke wangu.

Alikuwa kwenye kizingiti cha jiko anamenya mbaazi, nasi tulikuwa tumemsahau. Hakuacha kumenya.

“Ukilifungua wewe litakuwa utani,” alimwambia mdogo wake. “Watu watacheka. Yeye atazunguka bonde zima akisema ameibiwa maji, na mvua ikija atapata haki ya kuliziba tena. Mimi sitaki utani kwenye mpunga wangu. Aliyelijaza alimwage.”

Kisha akanigeukia.

“Ukishindwa, sema tu. Sikufukuzi. Sitalima mwaka huu. Nitakaa hapa mvua zote, na wewe utanipikia kamba.”

Mlamu alitazama sakafu. Mwanamke yule hajapata kupitisha mvua bila kupanda tangu alipokuwa msichana anayemfuata mama yake kwenye jaruba hilohilo. Hata mwaka aliojifungua mapacha alipanda.

Nilisema nitalimwaga.

Asubuhi nilianza na vyombo. Nilijaza mapipa, madumu, ndoo, masufuria, beseni la kuogea, mtungi, hata lile sufuria lisilo na mpini. Nilikwenda na kurudi mpaka magoti yakawa hayaniheshimu. Mke wangu alinipa kila chombo nilichoomba bila kuuliza. Mlamu alikuwa anachimba mfereji wa kupeleka maji mbali na mto, kwenye shamba la migomba lenye mchanga mwingi, ambako yatazama. Aliipanga migono yangu yote kwenye mfereji mzima, imeshindiliwa nyasi, ili maji yapite na kamba wabaki. Utani wake ulikuwa umemrudia, na sijapata kuufurahia kama siku ile.

“Jaza na kofia!” alinipigia kelele. “Jaza na viatu! Mfukoni je, mbona hujajaza?”

Niliporudi na kulitazama bwawa, lilikuwa halijapungua hata unene wa kidole.

Nikapanda juu ya tuta na jembe. Watu kadhaa walikuwa wamekusanyika na ndoo zao, kwa sababu habari ya kitoweo cha bure haihitaji tangazo. Nilikata kidogo, juu juu, kama kinyozi anayeogopa kichwa cha bosi. Nikakata tena. Maji yakachungulia kwenye ule mkato, yakasita, kisha yakaanza kushuka, uzi mwembamba, unang'aa, bila kelele.

Nikauweka mguu juu yake.

Sikupanga. Mguu ulikwenda wenyewe, nikauona umeziba pale, wa kwangu kabisa, na vidole vyake vya kizee. Nyuma yangu kicheko kilikatika. Nilikuwa nimetoa macho kama mtu aliyeshikwa ugoni, na mabega yamejikunja, yanasubiri fimbo ya mwanamke aliyezikwa zamani huko Mnyambe.

“Mguu,” alisema mke wangu.

Niliuondoa.

Maji yalifanya kazi iliyobaki. Uzi ukawa kamba ya jahazi, kamba ikawa mlango, na bonge la tuta likaanguka lote kwa sauti ambayo sikuipenda. Nilikaa chini. Nadhani nililia kidogo, lakini nilikuwa nimelowa mwili mzima, na watu wa bonde wana adabu. Maji yalichukua muda mrefu kwenda. Bwawa ambalo nililichimba nikiwa na nguvu zangu za mwisho kumbe halikuwa kubwa kama nilivyokuwa nikilieleza.

Kisha tope likaonekana, na tope lilikuwa linatembea. Hata mimi niliyewalisha sikujua ni wengi kiasi kile. Watu waliingia na ndoo, wakipiga kelele, wakibanwa, wakitukana Wanewala wote, waliozaliwa na watakaozaliwa. Perege alipatikana mmoja tu, mnene, mwenye sura ya mtu aliyepitia vita na hataki kuviongelea. Jioni kila nyumba ilinukia mchuzi. Mlamu alikuwa anakula uani kwetu, ndani ya uzio safari hii, na mke wangu alipopita akainama, akachukua mkia mmoja uliomenywa kwenye sahani ya mdogo wake, akautia mdomoni. Alitafuna kwa muda.

“Mtamu,” alisema kwa hasira, kama mtu aliyegundua ametapeliwa, akaenda kulala.

Tope lilikauka, likapasuka. Tulichimba matundu kwa jembe, mengine yalikwenda ndani zaidi kuliko urefu wa mkono wangu, na mwishoni mwake alikuwapo mmoja amejikunja anasubiri nyakati bora. Wakubwa tuliwala, wadogo tuliwasaga kwa kisigino, na majike pia. Nilifanya hayo mwenyewe, nikiwatoa kwa mkono uleule. Kisha tulijenga vijituta upya, mke wangu akiponda udongo kwa miguu, mimi nikimletea, yeye akiniambia huu una mchanga, rudisha. Siwezi kuapa kwamba hakuna aliyefika mtoni. Ningependa kuapa.

Mvua zilikuja kwa kishindo. Asubuhi tulishuka pamoja, yeye mbele, mimi nyuma na jembe. Jaruba la kwanza lilikuwa limejaa, limetulia. La pili lilijaa. La tatu lilikuwa linavuja kwa chini; nikatia mkono, nikamtoa mdogo, sawa na ganda la karanga, na kwa kuwa mke wangu alikuwa ananitazama, na hata kama asingekuwa ananitazama, nilimponda. Tukaziba. Siku zilizofuata akapandikiza miche yake, mstari kwa mstari, mgongo umeinama, kanga imefungwa juu ya magoti.

Shimo la bwawa bado liko pale juu, na chemchemi bado inatoa. Maji yanaingia, yanazunguka kidogo kama mgeni anayetafuta kiti, kisha yanatoka kwenye mwanya nilioukata na, kwa kuwa mfereji wa mlamu tuliufukia, yanakwenda kwenye majaruba ya mke wangu, na yakitoka huko yanakwenda nisikokujua. Ni mwanya mdogo. Mtu angeuziba kwa mabonge machache tu, hata kwa muda, hata kwa kuchungulia yatafika wapi. Juzi nilikuwa nimesimama pale, jembe mkononi, nafikiria hilo.

“Nakuona!” mke wangu alipiga kelele kutoka bondeni, bila kuinua mgongo.

“Naangalia tu!”

“Angalia jembe likiwa chini.”

Nikaliweka chini.